Shoga wa Bibi

Bibi yangu ana shoga wake, mke wa Mnubi mmoja huko Bombo. Wamejuana tangu baba yangu yuko chekechea. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri lazima wapigiane simu, na mazungumzo huanza vilevile miaka nenda miaka rudi: "Shoga, u mzima wewe?" Kinafuata kicheko, kisha nusu saa ya magoti, bei ya mchele na watoto wa watu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani Shoga ndilo jina lake. Siku moja alikuja kututembelea hapa Kireka, pembeni mwa Kampala, nikaitwa nimwamkie, nami nikasema kwa adabu zangu zote, "Shikamoo, Bibi Shoga." Sebule nzima ikavunjika mbavu. Mwenyewe akanivuta kwenye kanga zake, akanitia mkononi sarafu ya shilingi 500, akasema, "Marahaba, mume wangu."

Leo nina miaka 18. Nimejua kwamba ninaowapenda ni wavulana tangu nikiwa na 13 hivi, na sentensi hii niliyomaliza kuiandika, kwa nchi yangu, ni ya kuandikwa bila jina. Ndiyo maana hutaliona jina langu hapa. Mambo mawili matatu kuhusu nyumba yetu nimeyabadilisha pia, mnisamehe. Bibi na shoga wake sijawagusa. Hao wako kama walivyo.

Kwanza nieleze hicho Kiswahili kimefikaje Kireka. Babu alikuwa Msoga wa Iganga, mashariki mwa Uganda. Alimkimbia Idi Amin, akaangukia Tanga, akapata kazi ya ukarani, akapata na mke. Amin alipong'olewa mwaka 1979, babu akarudi na mke huyo, mtoto mmoja, masanduku mawili na lugha. Bibi alikubali matoke, alikubali baridi ya asubuhi, lakini Kiswahili chake alikataa kukiacha mlangoni. Baba kakulia ndani yake. Mama, ambaye ni Mganda, alijifunzia jikoni kwa mama mkwe, na mpaka leo Kiswahili chake ni hodari kwenye viungo kuliko kwenye siasa.

Majirani hawakukipenda. Kampala ukiongea Kiswahili kwa sauti, mzee aliye karibu atageuka: kwake hiyo ni lugha ya askari wa Amin waliogonga milango usiku, na ya wezi waliokuja baada yao. Nikitumwa dukani nilikuwa nabadili lugha nikiruka mtaro. Upande huu Kiswahili, upande ule Kiganda. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Mwenye duka wa mtaani kwetu bado hajapata taarifa. Kwa hiyo kabla sijawa na jambo lolote la kuficha, kuruka mtaro nilikuwa nimeshakuzoea.

Sasa balaa la Msoga. Waganda wengi sauti ya "sh" huwapiga chenga. Wanaipeleka kwenye "s". Nikiwa darasa la tano akahamia kwetu mvulana kutoka Busia, mpakani, amebeba hazina yake ya matusi ya ng'ambo ya pili. Akawafundisha wenzangu ile maana nyingine ya shoga. Tangu siku hiyo kabila langu likawa tusi. "Wewe ni Musoga au ni soga?" Darasa linacheka, na mimi nacheka nao, maana asiyecheka ndiye.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza Bibi, shoga ni nini. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Ni mwanamke mwenzio," akasema, "mnayependana, mkawekeana siri."

Nikakaa pale nikiangalia vijiwe anavyovitoa kwenye ungo, nikijaribu kuelewa nimekuwaje mwanamke mwenzake mtu.

Kwa watu wa pwani wa rika la Bibi, shoga ni cheo. Ndiye anayekusitiri ukipungukiwa sahani siku ya harusi ya mwanao, na ndiye atakayekuosha ukifa. Taarabu imejaa mashoga wanaosutana na kupatana. Ikaja ile maana ya pili, ya mwanamume, ikapanda juu ya ile ya kwanza, na sasa redio ikisema "mashoga" hakuna anayefikiria sahani.

Nimeyakusanya na mengine. Msenge. Hanithi, lililotoka Uarabuni. Kwa Kiganda, omusiyazi. Kwa Kiingereza cha mabwenini, gei, ambalo vijana hulitamka kama wanafukuza kuku. Hata moja sikulichagua. Yalirushwa, mengine kwangu, mengine kwa mtu aliyekuwa amesimama karibu yangu. Wenyewe kwa wenyewe, hapa Kampala, watu wanajiita kuchu. Nimesoma mahali kwamba neno hilo lina asili ya Kiswahili. Mimi Kiswahili nimekinyonya na sijawahi kulisikia kinywani mwa Bibi, ila nilipokutana nalo mara ya kwanza, nikiwa na miaka 16, nililitamka peke yangu bafuni mara tatu nne. Halikuwa na mate ya mtu. Hata hivyo bado silivai. Linanipwaya, kama sare ya shule mzazi aliyoinunua kubwa ili mtoto akue humo humo.

Nimetangulia mambo. Turudi 2023.

Jumanne ya Machi 21 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Simu zilikuwa marufuku, lakini mlinzi wa geti alikuwa na kiredio, na habari ikaingia bwenini kabla taa hazijazimwa: bunge limepitisha muswada wa kupinga ushoga. Wabunge karibu wote walisema ndiyo. Mmoja wa waliosema hapana, tena kwa ripoti ya wachache, ni Fox Odoi-Oywelowo, na jina lake usiku ule lilisemwa kwa kicheko kitanda kwa kitanda. Kitanda cha juu yangu mtu akapiga makofi. Nami nikapiga. Nilipiga vizuri tu, wala sikuchelewa.

Wiki iliyofuata mwalimu wa nidhamu aliingia darasani na boksi la sabuni lililotobolewa juu kwa kisu. Akasema kuna watu wanaingiza vijana katika mambo haya, na shule inataka kujisafisha mapema. Kila mmoja achane kipande cha karatasi, aandike jina la mwanafunzi anayemshuku, akunje, atumbukize. Asiyeandika jina la mtu, basi ana lake.

Hiyo sauti ya karatasi arobaini na kitu zikichanwa kwa pamoja bado ninayo masikioni.

Mwanzoni nilikunja yangu tupu. Lakini kiranja alikuwa anapita na boksi, na kabla hajakupokea anakufunulia karatasi kuona kama kuna maandishi. Jina hasomi, alisema, anaangalia wino tu. Alikuwa amebakiza madawati matatu. Nikaifunua yangu, nikaandika jina la kijana aliyekuwa amehama shule wiki ya pili ya muhula. Kijana mpole, sauti nyembamba, mzuri sana wa hesabu; mwaka uliotangulia ndiye aliyekuwa ananieleza milinganyo. Sikuwa namshuku kwa lolote. Nilimwandika kwa sababu hayupo. Nilijiambia, mtu ambaye hayupo utamdhuru vipi?

Baadaye kiranja, ambaye kumbe majina alikuwa anasoma, alitusimulia kwamba sisi 14 tuliandika jina lilelile. Nimefikiria sana hesabu hiyo. Inawezekana 13 waliosalia walimshuku kweli kwa ile sauti yake. Inawezekana pia kila mmoja alikuwa na hesabu kama yangu: achaguliwe asiyekuwepo. Sijui nitamani ipi kati ya hizo mbili.

Shule ikapiga simu kule alikohamia. Akarudishwa nyumbani kabla ya mitihani. Hayo niliyapata kwa binamu yake, likizo ya Mei, aliyenisimulia kwa mshangao wa kweli, kwamba hata hawajui nani aliyewachongea. Mara ya mwisho kusikia habari zake alikuwa Jinja, kwa mjomba wake, anauza vipuri vya pikipiki. Namba yake ninayo. Sijapiga.

Nilipokuja kusoma habari za David Kato, mtetezi wa haki za watu kama mimi, nilikuwa nimeshakuwa mtu wa boksi la sabuni, kwa hiyo nilizisoma vibaya, kwa upande usio wangu. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu, na maneno ya kutaka wanyongwe. Kato alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake wawili, Kasha Nabagesera na Pepe Onziema, walilishtaki, na mwanzoni mwa Januari 2011 mahakama kuu ikawapa haki. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Kato aliuawa nyumbani kwake Mukono. Polisi walisema mauaji yale hayahusiani na kazi yake. Wengine wanaosoma habari hiyo hujiona upande wa Kato. Mimi nilijiuliza zaidi juu ya yule aliyepeleka jina gazetini; kama naye alikuwa ametazama kushoto na kulia akaona madawati yamebaki matatu.

Kuhusu sheria yenyewe sitasema mengi, watu wameshaisema. Kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa waliyoyapa uzito wa juu. Miaka hadi 20 kwa kile wanachokiita kuhamasisha, na ukitaka kunibana, hata haya unayosoma utayatafutia nafasi humo. Jambo moja lakini lilinikamata, kwa sababu ni la maneno. Muswada wa Machi ulitaka hata kujitambulisha kuwe kosa: kusema tu mimi ni fulani. Rais akaurudisha bungeni, na moja ya mambo aliyotaka ni kutenganisha mtu anavyodhaniwa kuwa na alichotenda. Mei 2 ukapitishwa tena bila kile kifungu cha kujitambulisha, Mei 26 akasaini. Yaani kwa wiki kadhaa nchi yangu ilikaa ikijadili, kwa gharama ya serikali, kama neno "ni" linatosha kumfunga mtu. Mwalimu wetu wa sarufi angefurahi, kama si huo msiba wenyewe. Aprili 3, 2024 majaji watano wa mahakama ya katiba wakakataa kuifuta sheria, ila waliondoa vifungu vichache, kikiwemo kile cha kulazimisha watu kuripotiana. Nikafikiria boksi la sabuni. Sisi hatukuwa tumelazimishwa na kifungu chochote.

Nyumbani mjadala huwa wa kawaida, wa mezani. Baba si mkali. Taarifa ya habari ikifika hapo hutikisa kichwa na kusema, "Mimi hawa watu wanaosemwa kila siku, sijawahi kumwona hata mmoja," kisha ananigeukia mimi, "Nisogezee chumvi." Nami namsogezea. Mama husema watoto wa watu wameharibiwa na intaneti. Shangazi, aliyeokoka, huwa na video za kututumia. Bibi husema, "Zimeni kelele hizo, tule." Sijui kama hiyo ni hukumu au ni njaa.

Hoja kubwa ya mezani ni kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Neno lao, "homosexual", naam, ni la Wazungu: lilibuniwa na mwandishi wa Kihungaria, Karl-Maria Kertbeny, likachapishwa mwaka 1869 katika kijitabu alichoandika kuipinga sheria ya Prussia ya kuwafunga watu. Ila kifungu cha sheria yetu ya adhabu, kile cha "kinyume cha maumbile", nacho kilishuka kwenye meli ya Waingereza. Mwungwana angekataa mizigo yote miwili au apokee yote miwili.

Namugongo, nayo, ni safari fupi ya boda kutoka kwetu. Kila mwaka Juni 3 ikikaribia, mahujaji hupita Kireka kwa miguu, wengine wametoka mbali na nyayo zimepasuka, na Bibi, Mwislamu wa Tanga, hutoa dumu la maji na kikombe cha plastiki akaweka nje ya geti. Wanakwenda kuwakumbuka Charles Lwanga na wenzake, vijana wa jumba la kifalme waliochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hadithi tuliyofundishwa inasema moja ya makosa yao ni kumkatalia Kabaka aliyowataka. Kwa hiyo nchi nzima inatembea kwa miguu kwenda kukumbuka kisa ambacho, mezani kwetu, hakikuwezekana kutokea hadi Wazungu walete.

Nimeona vijana wenzangu wakimchukua Mwanga kuwa ushahidi, tena kwa fahari. Mimi naomba nisiingizwe. Mfalme anayemtaka mtumishi ambaye hawezi kukataa bila kufa hafanani na kitu chochote ninachokijua moyoni mwangu. Kama ni kutafuta babu, wa Iganga ananitosha.

Huyo wa Iganga ndiye aliyenipitisha juzi kwenye kitambulisho cha taifa. Nilipofika dirishani karani aliuliza kabila. Nikaeleza: babu Msoga, bibi wa Tanga, mama Mganda, nyumbani Kiswahili. Aliniangalia kama mtu aliyeletewa chenji kwa sarafu tupu. Katiba yetu ina orodha ya makabila 65 yaliyokuwemo ndani ya mipaka ya Uganda Februari 1, 1926, na Bibi hayumo. "Babu," akasema karani. "Tunaandika babu." Akaandika Musoga. Dakika mbili. Nikatoka na karatasi yangu nikiwaza jinsi lile neno nililolilia darasa la tano lilivyokuwa rasmi sasa, limepigwa muhuri, na halijaniuma.

Nikirudi kwa Bibi. Simu yake ni ndogo, ya vitufe, na majina yote humo niliyaandika mimi, kwa sababu macho yake hayaoni herufi na miwani yake huwa ameikalia. Nilipokuwa na miaka tisa alinikabidhi karatasi ya namba, akaniambia, huyu andika Mwanangu, huyu Fundi wa Maji, huyu wa Bombo andika Shoga. Nikaandika hivyo, kwa herufi kubwa zote. Likizo ile ya Mei 2023 nilipoichukua simu kumtafutia namba, nilikuta wa Bombo anaitwa Rafiki wa Mama. Sikuhitaji kuuliza; ni Shangazi peke yake anayemwita Bibi "Mama" hata kwenye maandishi. Nikaenda nayo chumbani. Vitufe vile hutoa mlio kila ukibonyeza, kwa hiyo niliifunika kwa mto nikabonyeza herufi moja moja. S. H. O. G. A.

Ijumaa iliyopita nyumba ilijaa. Shangazi alikuwepo, kulikuwa na wafanyakazi wenzake Baba wawili, na mzee mmoja wa msikiti aliyekuja kuhusu mchango. Simu ya Bibi ilikuwa inachajiwa juu ya kabati la vyombo, kando yangu. Ikalia. Bibi alikuwa upande wa pili wa sebule na mguu juu ya stuli.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikaitazama ikimulika. Baba alikuwa ananitazama mimi. Shangazi alitazama chai yake.

"Shoga," nikasema.

"Eh? Sauti yako imekwenda wapi? Nani?"

"Shoga, Bibi!"

"Alaa," akasema, ananyoosha mkono. "Sasa wamsubirisha nini? Lete."